Nani Atamwosha Bi Warda

Ko. Kata ya kifuu iligonga ukingo wa ndoo ya bati nyuma ya nyumba, na Mwatumu akajua kuwa mtu kafa mtaani.

Sauti hiyo aliisikia utoto wake wote, huko Makorora, Tanga. Mama yake, Bi Mwanaharusi, alikuwa mwosha maiti wa wanawake. Kila alipotoka kwenye nyumba ya msiba hakuingia ndani mpaka ajimwagie maji uani, kanga kifuani, kata ikigonga ndoo taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Majirani walimheshimu. Walimfuata kwenye mvua na kwenye jua, walimwita mama yetu, walimpisha njiani. Lakini mandazi yake hawakuyanunua. Aliyakaanga, akayafunika kwa kitambaa cheupe, akayaweka barazani, na jioni aliyaingiza ndani yakiwa vilevile.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kutamka kwa nini. Mwatumu aliambiwa na mtoto mwenzake shuleni, siku alipokata andazi lake nusu ampe. Yule mtoto aliliangalia andazi, akaviangalia vidole vya Mwatumu, akasema bila ubaya wowote, "Mama kasema tusile. Mikono yenu inashika maiti."

Na ilikuwa kweli, mikono yao. Maana tangu alipovunja ungo mama yake alikuwa akimchukua amshikie maji. Alijua kumimina bila kurusha. Alijua kuanza kulia kabla ya kushoto, na kumgeuza mtu mzito kwa mkono mmoja chini ya shingo na mwingine nyongani, bila kumwacha wazi hata kidogo. Alijua kusuka nywele za marehemu mikia mitatu na kuilaza kisogoni. Alijua pia kunyamaza juu ya alichokiona, jambo ambalo mama yake alisema ndilo nusu ya kazi. Aliyajua hayo yote kama wengine wanavyojua kusoma. Siku alipopanda ndege kwenda Doha, mwaka 2007, alijiambia kuwa ameyaacha kwao.

Doha alipata kazi ya upishi katika nyumba moja ya Al Wukair, wakati ule viwanja vingi vya huko bado vilikuwa mchanga na nguzo za umeme. Madamu wake hakuwa na maneno mengi. Alipenda samaki wake na hakuuliza kitu. Ijumaa ilikuwa yake, na ilikuwa Ijumaa alipopelekwa kwa akina mama wa Stara.

Kikundi hicho cha Stara kilikuwa cha wanawake wa Afrika Mashariki, Waislamu na Wakristo, wengi wao watumishi wa majumbani na mahotelini. Kilianza siku binti mmoja wa Kiganda alipolazwa wiki nzima asitembelewe na mtu. Salma, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa msimamizi wa usafi hotelini, aliposikia, aliona haya kwa niaba ya wote. Akawakusanya nyumbani kwake Al Thumama, akasema kuanzia leo hatalala mgonjwa wetu peke yake. Baada ya wagonjwa wakaja wazee. Walikuwapo wanawake waliokuja zamani wakiwa wasichana, wakalea watoto wa watu hadi wakazeeka katika vyumba vya uani, na kwao hakuna tena anayewajua. Stara iliwapelekea uji, ikawakata kucha, ikawasuka nywele. Zaidi ya yote iliwapelekea Kiswahili, wakae nacho saa moja mbili kabla ya kurudia Kiarabu cha watu.

Mwatumu aliingia Stara kwa mlango wa jikoni. Ijumaa yake ya kwanza alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemruhusu kushika kazi nyingine. Loice ndiye aliyemsifia kwa sauti kuliko wote. Loice alikuwa mwanamke wa Bungoma, mlinzi katika duka kubwa, mwenye mabega ya mlinzi na kicheko cha mlinzi aliyemaliza zamu. Kila Ijumaa alitoka kanisani Mesaimeer akaja moja kwa moja, Biblia mkobani, akiuliza sufuria iko wapi.

"Wewe waja kwa ajili ya wagonjwa ama sufuria?" Salma alimchokoza siku moja.

"Sufuria kwanza," Loice alijibu. "Mgonjwa hatoroki."

Walipomuuliza Mwatumu mama yake alikuwa akifanya kazi gani, alisema mshonaji. Lilimtoka lenyewe, na likapokewa kama neno lolote. Kuna aliyesema ndiyo maana una mikono mizuri. Mwatumu aliitazama mikono yake juu ya sinia, akainama kupakua.

Kati ya wazee wa Stara, wa kwanza kwa heshima alikuwa Bi Warda. Alikuwa Mmakunduchi wa Unguja, aliyefika Doha mji ukiwa mdogo, akamlea bibi mwenye nyumba anamoishi hata sasa, kisha akawalea watoto wa huyo bibi, kisha wajukuu. Nyumba ilikuwa hapo hapo Al Thumama, si mbali na kwa Salma, na chumba cha Bi Warda kilikuwa uani, kina kiyoyozi na harufu ya udi. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, mwenye ulimi. Na ndiye aliyekuwa mwosha maiti wao. Akifa mwanamke wa kwao hospitalini, dereva wa nyumba alimpeleka Bi Warda makaburini, kwenye vyumba vya kuoshea, naye akafanya yanayopasa kwa jina la marehemu na kwa lugha yake. Wanawake wa Stara hawakuwahi kumwogopa kwa hilo. Walimbusu mkono ule ule. Mwatumu aliona wanavyoubusu, akawaza moyoni kuwa kumbusu mkono mzee ni jambo moja na kula chakula chake ni jambo jingine.

Siku moja, wote wakiwa wameshiba na wamelala lala kwenye mikeka kwa Salma, Bi Warda alisema magoti yake hayamtii tena. Mwosha huoshwa, alisema, na yeye hajui ataoshwa na nani. Alitaka kumfundisha mmoja wao, mwenye moyo.

Mmoja alianza kutafuta simu yake.

"Mnaogopa nini? Maiti hang'ati," Bi Warda alisema. "Wanaong'ata ni ninyi mliokaa hapa."

Wakacheka, na katika kicheko hicho macho ya bibi yalizunguka chumba yakatua mlangoni, Mwatumu aliposimama na birika la chai. "Wewe wa Tanga. Una mkono mtulivu. Njoo nikufundishe."

Mwatumu alisema, "Mimi, bibi, naogopa maiti. Tangu utoto."

Loice alicheka mpaka akakohoa, akasema huyu hukimbia hata kunguni, msimpe maiti. Kila mtu akacheka tena. Mwatumu naye alicheka. Akamimina chai kikombe kwa kikombe pasi na kumwaga tone, na masikio yake yalikuwa ya moto hadi chai ikaisha.

Mama yake alifariki mwaka 2011. Kaka yake alipiga simu kutoka Tanga asubuhi, na mazishi yalikuwa alasiri ile ile. Madamu alimpa siku ya kupumzika, na Stara walikuja wote Al Wukair, wakakaa naye chumbani, wengine kitandani wengine sakafuni, Bi Warda akamsomea marehemu khitma kwa sauti yake nyembamba. Walipomaliza, bibi aliuliza nani aliyemwosha mama. Ni swali la kawaida kwa mtu wa kazi hiyo, kama mpishi aulizavyo nani alipika. Mwatumu alisema hajui. Na kweli hakujua. Alizungumza na kaka yake muda mrefu, akauliza habari za kaburi, za wageni, za kanga za mama zimegawiwa vipi, ila hilo hakuuliza. Aliona haya kuuliza, na sasa aliona haya kwamba hakuuliza. Bi Warda alimtazama kidogo, kisha akashika tasbihi yake.

Magoti ya Bi Warda yalipokataa kabisa, kikundi kiligawana zamu. Wenye nyumba walimtunza vizuri, walimletea daktari na kitanda cha kupanda na kushuka, lakini kuna mambo mzee hapendi afanyiwe na watoto aliowafunga nepi. Kumwogesha, kumbadilisha nguo, kumgeuza asipate vidonda, hayo yalifanywa na Stara. Zamu ya Mwatumu ilikuwa Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kupika.

Ijumaa ya kwanza alifunga mlango, akapima maji kwa kiwiko, akamgeuza bibi. Hakufikiri. Mkono mmoja ulipita chini ya shingo, mwingine nyongani, kanga ikabaki palepale ilipo, isisogee hata inchi, na Bi Warda akajikuta amelala ubavu wa kushoto kama jani lililogeuzwa na upepo. Ndipo Mwatumu alipotambua alichokifanya. Akasimama na taulo mkononi.

Bi Warda hakugeuka. Uso wake ulikuwa ukutani.

"Mikono hii imefunzwa," alisema.

Nje, ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani, na vioo vya dirisha vililia kidogo.

"Sikuulizi, mwanangu," bibi aliendelea. "La mtu ni stara yake. Lakini nimewaosha wengi hapa, na nakwambia wewe. Nikifa sitaki kushikwa na mtu asiyejua hata jina langu. Nataka mmoja wenu."

"Inshallah, bibi," Mwatumu alisema.

Ni neno lenye nafasi kubwa ndani yake. Mtu huweza kuweka ahadi humo, na mtu huweza kujificha. Mwatumu alimfuta bibi mgongo, akampaka mafuta, akamvika gauni safi. Aliona kuwa amesamehewa kitu ambacho hakukiri, na huo msamaha ulimwelemea kuliko lawama. Ijumaa zilizofuata Bi Warda hakulirudia. Alimwacha afanye kazi yake kwa ustadi wote alionao, humo ndani mlango ukiwa umefungwa, na wengine walipoingia alisema tu kuwa Mwatumu ana mkono mwepesi. Mara mbili tatu Mwatumu alifungua mdomo kumwambia. Mara mbili tatu alimuuliza badala yake kama anataka uji.

Bi Warda alifariki mwaka 2014, siku ya Ijumaa, asubuhi ya mapema, mjukuu wa nyumba akiwa amemshika mkono. Bibi wa nyumba alimpigia Salma mwenyewe. Alisema, huku akilia, kuwa Mama Warda alimuusia aoshwe na watu wake, na hivyo yeye na binti zake wangesubiri nje. Basi Stara wakapelekana makaburini katika magari mawili. Wengine walikuwa wamevaa abaya zao, wengine sare za kazini chini ya mitandio. Loice alikwishafika kanisani alipopata habari, akageuza palepale langoni.

Chumba cha kuoshea kilikuwa safi sana, vigae vyeupe, meza ya jiwe yenye mfereji. Mwanamke wa Kisudani aliyehudumu hapo aliwapokea kwa upole, akawapa pole, akasema yupo kusaidia, lakini wenyewe wana haki ya kwanza. Aliuliza kwa Kiarabu nani binti yake. Salma alisema wote. Basi akauliza nani anajua.

Salma akawageukia. "Anauliza nani anajua," alisema, ingawa wengi walikuwa wameelewa.

Mwatumu alikuwa amesimama nyuma, karibu na rafu ya viatu. Alijua. Kila kidole chake kilijua. Alijua sanda ile iliyokunjwa mezani itatandikwa vipi, na kafuri itiwe katika maji yapi. Neno lilikuwa moja tu, mimi, na halikuwa zito. Lakini aliona nyuma ya neno hilo sura za watu wote hawa wakikumbuka kila sinia walilokula kwa miaka saba. Aliona kitambaa cheupe juu ya mandazi yasiyonunuliwa. Ulimi ukakaa pale ulipo.

Salma alijaribu. Alivua saa na pete, akaingia, akafunuliwa uso wa bibi, akatoka, akakaa chini kwenye vigae. Alisema ataharibu, hajui aanzie wapi, atamvunjia heshima.

"Nitaingia mimi," Loice alisema. Alikuwa ameshakunja mikono ya shati lake la ulinzi. "Nimemwogesha akiwa hai, nitashindwaje sasa? Mniambie tu nifanye nini."

Salma alimshika mkono, akamweleza pole pole kuwa kuosha huku ni ibada, hutakiwa Muislamu. Loice alisikiliza mpaka mwisho. Akashusha mikono ya shati, akaifunga vifungo.

"Kwa hivyo mimi naweza na sitakiwi," alisema. "Nyinyi mnatakiwa na hamuwezi."

Hakusema kwa hasira. Hakumwangalia mtu. Lakini Mwatumu alihisi kama ametajwa kwa jina lake na la baba yake.

Yule Msudani akangoja tena kidogo, kisha akasema hakuna ubaya, atafanya yeye. Akaingia. Mlango ukafungwa kwa sauti ndogo ya mpira, ukawa mlango tu, na wao wakabaki upande huu. Maji yakasikika. Mwatumu aliyafuata kwa masikio, haya ya kulia, haya ya kushoto, sasa anamgeuza. Alimwomba Mungu yule mwanamke awe na mkono mzuri, na akaona aibu hata kuomba. Salma alimjia, macho mekundu, akamwekea mkono begani.

"Nenda kakae garini, dadangu. Najua wewe waogopa. Hata kufika hapa umejitahidi."

Mwatumu alitikisa kichwa. Hakwenda garini. Aliona kuwa hilo angalau hastahili, kukalishwa garini kama mtu mwenye hofu.

Mlango ulipofunguliwa, Bi Warda alikuwa ameshavikwa, mdogo kuliko walivyomjua. Mwanamke wa Kisudani alikuwa akijikausha mikono. Aliwaambia mama yenu alikuwa mwepesi na msafi, mmemtunza. Kisha akauliza, ili amwombee dua, "Jina lake nani?"

Salma alimtajia. Mwatumu aligeukia ukuta.

Walimzika baada ya swala ya Ijumaa, wanaume wakiingia makaburini, wao wakibaki magarini. Kutoka hapo walikwenda kwa Salma, kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda. Bibi wa nyumba aliahidi kuleta chakula, lakini jioni ilikuwa mbali na watu walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na Mwatumu alikwenda jikoni kama alivyokwenda kila Ijumaa. Hakuna aliyemtuma. Alichagua mchele, akakuna nazi, akatengeneza mchuzi mwepesi wa maharage wa watu wenye msiba. Chumbani walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini. Walimkumbuka bibi na ulimi wake. Mmoja alirudia lile la maiti hang'ati, wakacheka kidogo, kisha wakalia. Mwingine alisema tumemwangusha, jambo moja tu alilotaka. Salma akasema tusijilaumu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua, Mungu ndiye anayejua.

Mwatumu alisikia hilo akiwa ameshika mwiko. Alisikia jinsi lilivyokuwa la huruma, na jinsi lilivyomfunika na yeye, kama kanga pana inayotosha watu wengi. Angeweza kukaa ndani yake maisha yake yote. Wangekula, wangemsifu, Loice angekwangua sufuria. Mwaka kesho angekufa mwingine, nao wangesimama tena kwenye vigae vile wakiulizwa nani anajua.

Alipakua. Alibeba sinia kwa mikono miwili hadi chumbani, akaliweka katikati ya mkeka. Maji ya kunawa yakapitishwa. Loice alikaa mbele, bila mzaha wake wa kila wiki, akapeleka mkono kwenye wali.

"Kaa basi, Mwatumu," Salma alisema. "Ushafanya ya kutosha leo."

Mwatumu hakukaa. Alibaki amesimama juu ya sinia, mikono yake mbele yake kama mtu asiyejua aiweke wapi. Walipoona hakai waliinua vichwa mmoja mmoja. Midomo yake ilisogea mara ya kwanza pasitoke kitu. Mara ya pili ilibidi Loice, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aelekeze sikio.

"Msile kwanza," Mwatumu alisema. "Mama yangu hakuwa mshonaji. Alikuwa mwosha maiti, na mimi nilimshikia maji tangu nikiwa mtoto. Leo, pale mlangoni, mimi nilikuwa najua."